Andreas Vesalius wa Brussels: Tabibu Aliyewasahihisha Walimu Wake

Familia nyingi za Waswahili zilizopo leo Maskati, Sohar, Dubai na Doha zina mizizi yao upande wa Ziwa Tanganyika na Kivu: Ujiji, Usumbura, Rumonge, Bukavu. Sisi tuliosoma huko katika skuli za misheni, zama za Wabelgiji, tuliukariri mji wa Brussels kabla hatujaijua Maskati. Tulifundishwa wafalme wake kwa majina, mmoja baada ya mwengine. Lakini mtu wa Brussels ambaye faida yake imewafikia wengi wetu hakuwa mfalme. Alikuwa mtoto wa mtengeneza dawa, jina lake Andreas Vesalius. Mzee anayefanyiwa upasuaji wa tezi dume, mama anayepimwa mimba kwa picha, na kijana anayetibiwa kwa ajili ya sonona, wote wanahudumiwa na madaktari ambao somo lao la kwanza ni lile aliloliweka sawa mtu huyu: kuujua mwili wa binadamu kama ulivyo.

Maisha yake yana jambo jengine linalotuhusu. Kazi yake ya kwanza kuchapishwa ilitokana na kitabu cha tabibu aliyeandika kwa Kiarabu, na hilo halitajwi mara nyingi.

Ukoo wa matabibu

Vesalius alizaliwa Brussels tarehe 31 Disemba 1514. Nyumba ya wazee wake ilikuwa karibu na kilima walikonyongewa wahalifu, ambako maiti ziliachwa zikining'inia mpaka ndege wakazimaliza. Kilima hicho leo kimebeba Jumba kubwa la Mahakama, ambalo mgeni yeyote wa Brussels huliona. Nchi iitwayo Ubelgiji haikuwapo bado. Mji ulikuwa chini ya ukoo wa kifalme wa Habsburg, na muda si mrefu ukawa mmoja wa miji mikuu ya Charles V, mtawala wa Uhispania, Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya. Upande wetu wa dunia, Wareno walikuwa wameshazipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na kuiteka Maskati mwaka 1507. Vesalius basi ni mtu wa karne ile ile iliyowatesa wazee wetu wa pwani na wa Oman.

Ukoo wake ulitokea mji wa Wesel, Ujerumani, na jina lao likatokana na mji huo. Walikuwa matabibu kwa vizazi kadhaa. Nyumbani mwao mlikuwa na vitabu vya Ibn Sina na vya al-Razi vilivyofasiriwa kwa Kilatini, na baadhi ya wazee wake waliandika sherehe juu ya vitabu hivyo, kama wanavyofanya masheikh wetu juu ya vitabu vya fiqhi. Baba yake hakuwa tabibu. Alikuwa mtengeneza dawa wa Charles V, akisafiri na msafara wa mfalme, hata nyumba ikabaki mikononi mwa mama, Isabel Crabbe. Kijana akakua kati ya vitabu, akipasua panya, paka na mbwa ili aone kilichomo ndani.

Mwaka 1530 aliingia Chuo Kikuu cha Leuven, si mbali na Brussels, akasoma Kilatini na elimu ya jumla. Mwaka 1533 akaenda Paris kusoma utabibu. Mwalimu wake mkubwa huko alikuwa Jacobus Sylvius, mtu mwenye elimu nyingi na hasira nyingi, ambaye imani yake ilikuwa moja: Galen hakukosea.

Kitabu kikubwa kuliko macho

Hapa inafaa nisimame kidogo, maana bila ya kumjua Galen hatuwezi kuielewa kazi ya Vesalius.

Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alikuwa tabibu Mgiriki wa karne ya 2, mzaliwa wa Pergamon katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alitibu wafalme wa Roma na kuandika vitabu vingi mno. Vitabu hivyo vilifasiriwa kwa Kiarabu Baghdad, vikasomwa na al-Razi na Ibn Sina, kisha vikapelekwa Ulaya. Hata lugha yetu inabeba alama zake. Neno balghamu, na neno safura, yametufikia kwa Kiarabu kutoka katika utabibu ule uliosema kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba maradhi yote ni majimaji hayo kupoteza mizani. Huzuni isiyoisha, kwa mfano, ilisemwa ni wingi wa nyongo nyeusi.

Galen alikuwa mpasuaji hodari, lakini desturi ya Warumi haikumruhusu kupasua binadamu. Alipasua nyani, nguruwe, mbwa na ng'ombe, kisha akaandika kuhusu watu. Kwa zaidi ya miaka 1,300 waliokuja nyuma yake walinakili. Aliyewahi kufanya kazi ya ofisi anajua namna jambo hili linavyokwenda: kosa likishaingia katika rejista ya kwanza, kila nakala inalibeba, na kadiri nakala zinavyozidi ndivyo kosa linavyoonekana kuwa kweli.

Darasani mambo yalikuwa hivi. Profesa alikaa juu ya kiti kirefu akisoma Galen kwa Kilatini. Chini yake kinyozi asiyejua Kilatini alikata maiti, na mtu wa tatu alionyesha kwa fimbo. Kama kitabu kilisema mfupa ni miwili na mezani upo mmoja, basi maiti huyo ndiye mwenye kasoro.

Vesalius hakuridhika. Alikwenda kwenye makaburi ya zamani ya Paris ambako mifupa ilikuwa imefukuliwa, akaishika na kuizoea mpaka akawa anaweza kuutambua mfupa kwa kuupapasa amefunga macho. Vita baina ya Ufaransa na Charles V vilipozuka mwaka 1536, alilazimika kurudi Leuven. Huko, akiwa na rafiki yake Gemma Frisius, aliyekuja kujulikana kwa elimu ya ramani, aliona mifupa ya mhalifu aliyenyongwa nje ya mji, imesafishwa na ndege, bado imeungana. Aliipanda nguzo, akaishusha na kuiingiza nyumbani kwa siri kidogo kidogo. Hiyo ndiyo mifupa kamili ya kwanza aliyokuwa nayo.

Al-Razi, kitabu cha kwanza

Mwaka 1537, akiwa na umri wa miaka 22, Vesalius alichapisha kazi yake ya kwanza. Ilikuwa maelezo mapya, kwa Kilatini safi, ya sehemu ya tisa ya Kitabu al-Mansuri, alichokiandika al-Razi kwa ajili ya gavana wa mji wa Rayy. Sehemu hiyo inaeleza maradhi yote kwa mpangilio, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na vyuo vya Ulaya viliitumia kufundishia kwa muda mrefu.

Al-Razi alikuwa mwalimu mwafaka kwake kuliko yeye mwenyewe pengine alivyojua. Tabibu huyu, aliyefariki karibu na mwaka 925, ndiye aliyetenganisha kwa maelezo ya wazi ndui na surua. Na aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Jalinus, akisema kwamba anamheshimu kama mwalimu, lakini heshima haimzuii kusema alipoona mambo kinyume. Zaidi ya miaka 600 baadaye, kijana wa Brussels alikuja kufanya jambo hilo hilo kwa kisu.

Mwisho wa mwaka 1537 alifika Padua, Italia, chuo kilichokuwa chini ya dola ya Venice. Alipata shahada ya udaktari tarehe 5 Disemba, na kesho yake akaajiriwa kufundisha upasuaji na umbile la mwili. Kitu cha kwanza alichokibadilisha ni kile kiti. Aliteremka, akamuondoa kinyozi, akashika kisu mwenyewe, na wanafunzi wakakizunguka kitanda wakiangalia mikono yake. Alichora mishipa na viungo kwenye karatasi kubwa ili wa nyuma waone.

Karatasi sita za namna hiyo zilichapishwa mwaka 1538, tatu zikiwa zimechorwa na Jan Stephan van Calcar. Bado zilikuwa na makosa ya Galen: ini lenye sehemu tano kama la mnyama, na chini ya ubongo wavu wa mishipa ambao kondoo anao na binadamu hana. Kijana alikuwa bado anaona kwa macho ya kitabu.

Kilichomgeuza ni wingi wa maiti. Tangu mwaka 1539 jaji mmoja wa Padua alimpatia miili ya walionyongwa, na alipopasua mmoja baada ya mwengine, visingizio viliisha. Mwezi wa Januari 1540, alipoalikwa Bologna kufundisha mbele ya watu wengi, aliweka pamoja mifupa ya binadamu na mifupa ya nyani, akaonyesha kwamba alichokieleza Galen katika uti wa mgongo kipo kwa nyani na kwa mtu hakipo. Hapo ukawa wazi mzizi wa makosa yote: mzee yule alieleza kwa uaminifu alichokiona, lakini hakuwahi kumuona binadamu kwa ndani.

Kitabu cha mwaka 1543

Kwa miaka michache iliyofuata Vesalius aliandika kwa kasi ya ajabu. Michoro ilichongwa juu ya vibao vya mti, vikapakiwa juu ya nyumbu na kuvushwa milima ya Alps hadi Basel, Uswisi, kwa mpiga chapa Johannes Oporinus. Mwaka 1543, akiwa na miaka 28, kilitoka kitabu chake De humani corporis fabrica, maana yake ni umbile la mwili wa binadamu: vitabu saba ndani ya jalada moja, karibu kurasa 700, na michoro zaidi ya 200. Mwaka huo huo kilichapishwa kitabu cha Copernicus kilichosema ardhi inalizunguka jua. Majina ya mifupa aliyaorodhesha kwa Kigiriki na Kilatini, na pia kwa Kiebrania na Kiarabu, akisaidiwa na rafiki yake tabibu wa Kiyahudi.

Kitabu kilisahihisha mambo zaidi ya 200 ya Galen. Taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili. Mfupa wa kidari una sehemu tatu, si saba. Mwanamme na mwanamke wana mbavu sawa kwa idadi. Mengine yanagusa moja kwa moja tiba za leo, nami nitayataja matatu.

La kwanza ni figo na njia ya mkojo. Matabibu wa siku zile waliishi kwa kutazama mkojo ndani ya chupa ya kioo, lakini waliojua unatengenezwa vipi hawakuwapo. Ilisemwa kwamba ndani ya figo mna ngozi yenye matundu kama chekecheke, inayochuja. Vesalius alipasua figo, asilione chekecheke hilo. Akalichora kitabuni kama linavyosimuliwa, ili msomaji ajue ni kitu cha kubuni. Kukata mawe ya kibofu wakati huo ilikuwa kazi ya mafundi wa kupita mji kwa mji, na wagonjwa wengi walikufa. Kazi ya ndani kabisa ya figo haikuelezwa mpaka mwaka 1842, alipofanya hivyo William Bowman wa London, lakini ramani ya viungo vyenyewe ilikuwa imeshaanza kunyooka.

La pili ni ubongo. Wanafunzi walifundishwa kwamba ubongo una vyumba, na kwamba fikra, akili na kumbukumbu kila kimoja kina chumba chake. Vesalius aliangalia ubongo wa mtu, wa nyani, wa mbwa na wa kondoo, akakuta vyumba ni vile vile. Kama akili inakaa chumbani, basi kondoo naye angekuwa na akili kama yetu. Hakudai kujua akili inakaa wapi. Alisema tu kwamba kisu hakijamwonyesha, na kunyamaza pale usipojua ni sehemu ya elimu.

La tatu ni mtoto tumboni, na hapa ni yeye aliyekosea. Maiti za wajawazito zilikuwa nadra, na katika chapa ya 1543 alimchora mtoto wa binadamu na kondo la nyuma lililomzunguka kama mkanda. Kondo la namna hiyo ni la mbwa. Aliyemlaumu Galen kwa kuandika mnyama mahali pa mtu, naye akafanya vivyo hivyo. Tutaona alivyolishughulikia jambo hilo.

Kabla ya kuondoka Basel alipasua mwili wa mhalifu Jakob Karrer aliyekuwa ameuawa kwa hukumu, akaiunga mifupa yake na kuuachia mji. Mifupa hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la chuo cha huko.

Siwezi kuandika haya kana kwamba hayana uchungu. Kwetu sisi maiti ana hurma yake, na watu hao walichukuliwa bila ya ridhaa yao wala ya jamaa zao, na wengine wanafunzi waliwaiba makaburini. Wote walikuwa wanyonge: waliohukumiwa, maskini, wasio na wa kuwalilia. Elimu tunayoifaidi ilianza kwa kulipiwa na watu hao, na heshima ndogo tunayoweza kuwapa ni kulikumbuka hilo. Leo mwili hutolewa wasia na mwenyewe akiwa hai, na hayo ni mabadiliko mema.

Mtumishi wa mfalme

Kitabu alikitabaruku kwa Charles V, na muhtasari wake kwa mwanawe, Philip. Huyu Philip ndiye aliyekuja kuitwaa pia taji la Ureno mwaka 1580, na ni katika enzi yake ngome za Maskati, Jalali na Mirani, zilijengwa na Wareno, na Ngome ya Yesu ikaanzwa Mombasa mwaka 1593. Aliyepita chini ya kuta hizo amepita chini ya kazi za mfalme aliyetibiwa na Vesalius.

Charles alimkubalia kitabu na kumchukua mwandishi kuwa tabibu wake. Hapo likatokea jambo la kusikitisha. Wakubwa wa utabibu walimkejeli na kumtisha, na yeye, kwa hasira na uchovu, akachoma moto maandishi yake yaliyobaki. Katika yaliyoungua yalikuwamo maelezo yake juu ya vitabu vyote kumi vya al-Razi kwa al-Mansur. Alijuta baadaye na kuandika kwamba anajuta. Sisi pia tunayo haki ya kusikitika.

Alirudi Brussels, na mwaka 1544 akamuoa Anne van Hamme, binti wa mtu mkubwa wa mji. Mwaka uliofuata wakapata binti, wakampa jina la mama yake, na hakuwa na mtoto mwengine. Akajenga nyumba nzuri. Lakini kukaa nyumbani kulikuwa kwa nadra. Alifuata majeshi, akitibu majeraha ya mizinga na kupaka maiti za wakubwa dawa ili zisiharibike njiani.

Mgonjwa wake mkuu, Charles, alikuwa mgumu. Alisumbuliwa na jongo, akikatazwa nyama na pombe na asisikie. Dawa mpya ya siku hizo ilikuwa mzizi wa China, uliotoka Mashariki ukipitia Goa kwa meli za Wareno, kupitia bahari hii hii yetu. Vesalius aliutolea barua ndefu iliyochapishwa mwaka 1546. Ndani yake anaueleza mzizi kwa maneno machache bila ya kuusifu sana, na kurasa zilizobaki anatetea kitabu chake.

Maradhi mengine ya mfalme hayakuwa na mzizi wa kuyatibu. Mama yake, Malkia Juana, alifungiwa Tordesillas tangu mwaka 1509 kwa kuitwa mwendawazimu, akakaa humo mpaka alipokufa mwaka 1555. Charles mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho Brussels, alijitenga na watu, akilia bila ya sababu ya kuonekana na kupoteza saa nyingi akifungua na kufunga saa zake. Leo daktari angelitambua haraka. Matabibu wa wakati ule walikuwa na nyongo nyeusi tu ya kulaumu. Mpasuaji mkubwa wa ubongo wa zama zake alikuwa karibu na mgonjwa huyo, na kisu chake hakikuweza kumfaa kitu. Tarehe 25 Oktoba 1555, ndani ya kasri la Brussels, Charles aliinuka akiwa ameegemea bega la kijana mmoja, akaiacha dola.

Kusahihisha chapa yake mwenyewe

Mwalimu wake wa Paris, Sylvius, hakumsamehe. Mwaka 1551 alichapisha kitabu cha kumshambulia, akaligeuza jina lake lisikike kama neno la Kilatini lenye maana ya mwendawazimu. Pale ambapo mwili haukulingana na Galen, Sylvius na wenzake walisema kwamba miili ya watu imebadilika na kudhoofika tangu siku za Warumi. Walikuwa tayari kumlaumu binadamu mzima kuliko kitabu.

Jibu kubwa la Vesalius lilikuwa chapa ya pili ya kitabu chake, mwaka 1555. Kondo la nyuma la mbwa limeondolewa, na mahali pake limewekwa la binadamu, la duara kama sahani. Kuhusu moyo, Galen alisema damu hupita kutoka upande mmoja hadi mwengine kwa vitundu vya ukuta wa kati. Mwaka 1543 Vesalius aliliandika hilo kwa mshangao. Mwaka 1555 akaandika wazi kwamba haoni namna kitu chochote kinavyoweza kupenya pale. Mlango huo ndio aliopita William Harvey mwaka 1628 alipoeleza mzunguko wa damu.

Hakuishia hapo. Nakala moja ya chapa ya 1555, iliyojaa masahihisho kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya chapa ya tatu ambayo haikutoka, ilitambuliwa na wataalamu karne hii, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Leuven kiliinunua. Maneno yamefutwa, sentensi zimenyooshwa, herufi zimerekebishwa. Mtu wa kalamu akiiona kurasa ya namna hiyo anamjua mwenziwe.

Safari ya mwisho

Mwaka 1559 Mfalme Henri II wa Ufaransa alichomwa jichoni na kipande cha mkuki katika mchezo wa farasi. Vesalius alipelekwa mbio kutoka Brussels mpaka Paris, akakutana kitandani na Ambroise Paré, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa. Walichunguza pamoja, lakini jeraha lilikuwa limeshafika ndani, na mfalme akafa tarehe 10 Julai. Mwaka huo Vesalius akamfuata Philip Uhispania. Mwaka 1562 mtoto wa mfalme, Don Carlos, alianguka ngazini na kupasuka kichwa. Madaktari waligombana kitandani kwake kwa wiki kadhaa, na kijana akapona.

Uhispania haikumpendeza. Alilalamika kwamba Madrid hapatikani hata fuvu la kuangalia. Gabriele Falloppio, aliyekuwa akifundisha Padua, aliandika mwaka 1561 kitabu cha kumsahihisha kwa adabu, na Vesalius akamjibu kwa adabu vile vile.

Mwaka 1564 aliomba ruhusa ya kwenda kuzuru Jerusalem, akapitia Venice na kufika Palestina. Alipokuwa akirudi, chombo kilipata dhoruba na safari ikarefuka. Alifia katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, mwezi wa Oktoba 1564, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 50. Kaburi lake halijulikani. Ilienezwa hadithi kwamba alimpasua mtu aliyekuwa bado hai, akahukumiwa na kusamehewa kwa sharti la kwenda hija. Wanahistoria hawaikubali, haina ushahidi. Brussels imemwekea sanamu katika uwanja wa Barricades.

Funzo kwetu

Msomaji wa ukurasa huu huenda akauliza: je, wazee wa Kiarabu hawakuyaona haya mapema? Waliyaona mengine, na ni wajibu kulisema. Abd al-Latif al-Baghdadi, wakati wa njaa kubwa ya Misri baada ya mwaka 1200, alikagua mafuvu mengi ya waliokufa na kuandika kwamba taya la chini ni mfupa mmoja na Jalinus amekosea. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliandika kwamba ukuta wa moyo hauna vitundu na kwamba damu hupitia mapafuni. Hayo ni zaidi ya miaka 250 kabla ya Vesalius. Lakini maneno ya Ibn al-Nafis yalikaa makabatini, na dunia ya leo iliyajua upya mwaka 1924 tu, pale mwanafunzi wa Kimisri alipoyakuta katika maktaba ya Berlin.

Basi fahari peke yake haitoshi. Elimu isiyosomeshwa, isiyochapishwa wala kukaguliwa na wanaokuja nyuma hulala kama mali iliyozikwa. Vesalius aliichukua njia ya al-Razi, ya kumheshimu mwalimu na kumkagua, akaipeleka kwenye meza ya chapa ambako kila mtu angeweza kumkagua na yeye.

Na liko la karibu zaidi. Maradhi matatu niliyoyataja ndiyo tunayoyafichana majumbani. Mzee huona haya kusema kwamba mkojo unamkatikia. Mke mwenye mimba huambiwa kwamba bibi zake hawakupimwa na walizaa. Kijana aliyejifungia chumbani husemwa ana wivu wa watu au amerogwa, kama Juana alivyosemwa wazimu akafungiwa miaka 46. Bibi zetu walizaa, ni kweli, na wengi walikufa wakizaa. Hospitali za hapa Ghuba zipo, na daktari aliyeko ndani hatuoni vibaya kwa kuumwa. Tuwapeleke jamaa zetu mapema, tuseme kinachouma kwa jina lake, na tukubali kuangaliwa.